Mgeni wa Mlimani

Machi 3
Mwanangu,
Hujambo huko jotoni? Mimi mzima, ila mgongo unanisema kila nikifyatua matofali. Baridi ya huku imepungua, sweta halitoki sandukuni. Ndani ya kiberiti hiki kuna mdudu. Namkuta ukutani asubuhi, kichwa chini, makalio juu. Wewe unalipwa kwa kutazama wadudu. Huyu ni nani?
Mama yako

Machi 14
Shikamoo Mama,
Pole na mgongo. Mgeni wako amefika kavunjika mguu, lakini mabawa yamemtambulisha: mbu jike, wa aina inayobeba malaria. Zamani baridi ya mlimani ilikikawiza kijidudu cha malaria tumboni mwake, mbu akafa kabla hakijakomaa. Sasa joto linakiharakisha. Nina hamu ya kujua anazaliana wapi. Chota maji kwa upawa mweupe, utafute viluwiluwi vya mbu, vilivyojilaza juu ya maji. Na tundika chandarua, tafadhali.
Binti yako

Machi 27
Mwanangu, u hali gani?
Nimechota kila mahali, majirani wanadhani nimerukwa na akili. Nilianza kinamasini, bondeni, nikijua ndiko kwao. Wapi! Kuna visamaki, vyura na kereng'ende. Viluwiluwi ni vya kutafuta. Nikaja kwenye mashimo yangu ya udongo. Upawa ulijaa viluwiluwi tele! Mashimo hayo ndiyo yaliyokusomesha. Niyafanyeje? Na hapa watu wanataka kukausha kinamasi, eti mbu waishe.
Mama yako

Aprili 5
Shikamoo Mama, natumaini hujambo.
Kinamasi kisiguswe! Wanaokula viluwiluwi wanaishi humo. Shimo jipya halina samaki wala kereng'ende. Mbu anawahi, anakuta nyumba haina mwenyewe. Ukimaliza kuchimba udongo, lifukie. Najua nimegusa panapouma. Na ukishikwa na homa, usikubali kuambiwa ni mafua. Wakupime damu.
Binti yako

Aprili 29
Mama,
Kimya chako kinanitisha. Umenikasirikia? Niandikie hata neno moja.
Binti yako

Mei 16
Mwanangu,
Nimeshapona, ndiyo maana nakuandikia. Nilikasirika, kweli, siku mbili tatu. Kisha homa ikaniangusha. Nesi akasema, "Mama, malaria haipandi huku." Nikamwambia, "Nichome tu kidole, nina binti mbishi." Alipoona kipimo kimeonyesha malaria, akawaita wote waliotibiwa mafua warudi kupimwa.

Nilipopata nguvu nikaenda kwenye mkutano wa kijiji. Majembe ya kukausha kinamasi yalikuwa tayari. Sikuhutubia, niliwapa upawa. Wakachota bondeni, wakachota kwenye mashimo, wakapokezana kuchungulia, hata wale wabishi.

Mwenyekiti akauliza, "Haya mashimo ya nani?"

Wote wakanitazama.

"Haya ni yangu," nikasema. "Yale pale ni ya wafyatuaji wenzangu. Tuanze na yangu."

Nikachukua jembe, nikatupa udongo wa kwanza shimoni. Nilidhani niko peke yangu, mpaka niliposikia majembe mengine nyuma yangu.
Mama yako