Kompyuta Tuliyoifungua Bila Wewe

Muthangari, Nairobi
Jumapili, 15 Mei 2005

Baba mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo Mama ameniomba ninyamazie.

Duka lako la Hurlingham bado liko wazi. Fundi Odhiambo anatengeneza kompyuta peke yake, na chama chenu cha hisa bado hukutana humo kila Jumamosi. Kiti chako hakikaliwi. Wanaweka makoti juu yake. Afadhali wangekikalia.

Jana walitaka kuongeza hisa za ile kampuni ya kompyuta uliyoipenda, ambazo Mjomba huwanunulia akiwa Amerika. Mama alitaka kutia karo yangu kwenye hisa hizo, kwa sababu wewe uliiamini kampuni. Mwenyekiti wa chama alitusomea bei za hisa gazetini kwa muda mrefu, nami nikakumbuka ulivyokuwa ukimkatiza: "Mzee, gazeti baadaye. Kwanza tumfungue mgonjwa." Hamkuwahi kununua hisa kabla ya kufungua kompyuta ya kampuni hiyo mezani.

Nikaomba bisibisi yako. Mwenyekiti akacheka. "Wambui, wewe ni mwanafunzi ama fundi?"

Odhiambo akamwambia, "Mwache, Mzee. Huyu alishika bisibisi kabla ya kalamu."

Nikafungua kompyuta ya kampuni hiyo, ya mwaka huu, iliyoletwa na mteja juzi. Feni ilikuwa nyepesi kama kifuniko cha kalamu ya biki. Halafu nikapapasa zile kapasita zinazosimama kwenye bodi kama vikebe vidogo. Ulinifundisha kwamba kichwa cha kapasita nzima huwa bapa. Tatu zilikuwa zimevimba, dalili kwamba mashine itakufa karibuni.

Baba, nilikumbuka ile ya kwetu nyumbani, ya kampuni hiyohiyo, uliyokuwa ukiipangusa vumbi kila Jumapili kabla ya kanisa. Nilitamani kuurudisha mfuniko na kunyamaza. Nikasema, "Zimevimba."

Mwenyekiti akakunja gazeti. Wameahirisha uamuzi hadi Jumamosi. Tulipofika nyumbani, Mama akaniambia nimekupinga ukiwa kaburini, akaniomba nisikuandikie habari hiyo. Hajala tangu jana.

Jumamosi nitafungua nyingine, na nitasema nitakachokiona. Hilo nakuahidi. Bisibisi nimeiweka kwenye mfuko wa sare yangu.

Pumzika, Baba. Ila nijibu hili moja, hata kwa ndoto: ungekuwa umeketi kwenye kile kiti jana, ungeitetea kampuni yako, au ungenyamaza ungoje niseme mimi?

Binti yako,
Wambui