Fundi Juu ya Mti wa Mizinga

Vene, pokea simu. Kaka Octavian kampiga fundi wa intaneti rungu. Rungu, Vene.

Ile laini ya ofisi yake ya asali aliyoiomba tangu Machi, imekuja leo. Fundi hakupiga hata hodi. Kapanda mti wa mizinga apitishe waya, kamba begani.

Kaka anatoka ndani, anamwona mtu na kamba kwenye mizinga yake. Angewaza nini kama si mwizi wa asali? Akamrushia rungu. Jamaa akaanguka kama gunia, mfupa wa mkono nje. Kaka akamwongezea mateke.

Mtu anavuja damu, anauliza, "Octavian ni wewe?"

"Ni mimi, mwizi mkubwa wewe."

Fundi akatoa fomu kwa mkono mzima. "Nimekuletea laini yako, kaka. Samahani tumechelewa."