Bato ya Bahari Yenye Ilitaka Ngalula Aoshe Chupa

Papa wangu,

Nakuandikia na hasira, na sioni haya kuisema. Ungekuwa hapa, ungecheka kwanza. Mutoto wako wa Lubumbashi, mwalimu wa samaki ba ziwa, fasi hata harufu ya bahari haifikake, serikali ilimupa kazi ya kutafuta bantu ba programu ya bahari! Tuko inchi tatu pamoja: yetu, na mbili za mbali zenye kuwa na bato, ile meli kubwa ya bahari. Itapita Muanda, kwenye inchi yetu inagusa bahari, tuchunguze samaki na mayi. Majirani ba hapa Katuba bananichokoza: Ngoie, samaki wako ba ziwa ya Pweto njo batakupeleka kule?

Unakumbuka siku ile chef wako wa kazi ku train alikuja kula kwetu? Mama alichinja kuku ya mwisho. Kwetu mugeni anachaguaka wa kwanza, lakini mugeni mwenye adabu anakamataka kidogo, anaachia batoto. Ule baba alikamata mapaja yote mbili na kifua. Sisi tulibaki kuangalia bukari, ugali mutupu. Wewe ulinyoosha mukono mu sahani yake, ukatosha paja moja, ukatuwekea. Ukamuambia polepole: "Chef, iyi ni ya batoto." Mama alikugombeza juma muzima, eti utafukuzwa kazi. Wewe ulikuwa unapiga tu mluzi.

Basi na mimi, ku réunion, mukutano wa kwanza na bantu ba zile inchi mbili, nilifanya vile mulitufundisha. Nilibaambia bageni bachague kwanza nafasi zao mu bato, sisi tutachagua nyuma. Nikangoja batuachie kidogo. Papa, bale bantu balikamata byote! Chef wa mission ni wao, labo, chumba ya kuchunguzia, ni yao, mpaka samaki bataenda kuchunguzwa kwao. Ngalula wetu, mwenye anafundisha chimie, kemia, ku université tangu nywele yake ingali nyeusi, balimuandika aoshe chupa za labo. Kapend, mwenye anajua mayai ya samaki kuliko muntu yote mu hii inchi, eti atavuta kamba.

Ngalula alisoma ile karatasi, akavua miwani, akauliza kama sabuni atapewa kule ao alete yake. Hakuwa anachekesha. Alikuwa ameshazoea, na njo ile iliniuma zaidi.

Bon, nikaandikia bageni. Nafasi tatu mu labo, ao sisaini, na bila saini yangu bato haiingie mu mayi yetu. Mukubwa wangu wa Kinshasa akanipigia simu karibu kulia. Eti nitaharibu programu, eti tushukuru tu juu banatuita. Nikamuuliza, banatuita fasi gani, na bahari ni yetu? Akakata simu.

Juzi jibu ikafika. Banakubali kiti moja mu labo, ya mimi peke yangu, tena nikuwe chef adjoint, musaidizi wa chef wao. Ngalula na Kapend babakie na chupa na kamba. Mukubwa akarudi na sauti tamu: kamata, Ngoie, bantu banatafuta nafasi kama hii maisha muzima. Hata Ngalula alikuja ku nyumba kuniambia niende, hatanichukia. Nilimukasirikia kuliko bageni bote. Nilimupa chai, nikamukataza kusema ile maneno tena mu nyumba yangu.

Nakukosa sana, Papa, tangu tulikuzika. Mama anasali rozari juu roho yangu itulie. Haitulie, na sitaki itulie.

Kuko kintu moja sijaambiaka muntu, hata Mama. Mimi bahari sijaionaka. Ngambo moja ya ziwa na ingine, njo mwisho wa macho yangu. Ile mingine nafundisha batoto ba bantu na picha. Ile kiti ilikuwa njia yangu, na ku hii miaka yangu ingine haitakuja. Niliitamani mpaka nikalia kabisa, pale ku meza ya kula. Halafu nikapanguza macho, nikabajibu: tunaingia batatu, ao hakuna.

Bado bananyamaza. Banyamaze. Nikifa bila kuiona, nife. Lakini chupa ya muntu, Ngalula hataosha.

Ulale muzuri, Papa.

Mutoto wako wa kwanza, kichwa nguvu kama wewe,
Ngoie