Kompyuta ya Tano Imefunguka

Bi Mwajuma, mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu hii inafika, lakini siwezi kuanza na wewe bila hiyo.

Darasa letu la awali lipo. Zile meza ulizomwambia fundi seremala azikate miguu, mwalimu mkuu akanung'unika wiki nzima, watoto wanazifikia bila kupandia matofali. Rangi ya kucha uliyoipaka kwenye kipanya, mahali pa kubofya, ilianza kubanduka, nimeipaka upya. Wanawasha wenyewe, wanazima wenyewe. Kila nikitaka kumsaidia mtoto nakusikia: "Toa mkono, Yusta. Mwache akosee."

Nilidhani ni kumbukumbu tu.

Kompyuta ya tano uliifunga wiki ile uliyougua. Zile nne, watoto walishajua picha tatu za kubofya kwa mpangilio ili zifunguke. Ya tano hukumwambia mtu. Tulijaribu na mwalimu mkuu: jua, samaki, ndoo; kisha ndoo, samaki, jua. Ikakataa. Fundi wa mjini akasema dawa ni kufuta kila kitu, na masomo yote uliyoyachora yamo humo tu. Angekuja Ijumaa.

Alhamisi asubuhi aliingia Anitha. Humjui. Ana miaka minne. Yeye na mama yake walihamia Rusimbi kutoka Simbo baada ya arobaini yako. Hajakuona hata kwenye picha, na kompyuta alikuwa hajawahi kuigusa. Akaenda moja kwa moja kwenye ya tano, akakaa, akainamisha kichwa pembeni kama mtoto anayenong'onezwa. Nikamfuata, nikanyoosha mkono kwenye kipanya.

Bila kugeuka akasema, "Anasema utoe mkono."

"Nani?"

"Bibi."

Akabofya jembe. Akabofya mwezi. Akabofya jembe tena. Sisi hatukuwaza kwamba picha moja inaweza kurudiwa. Ikafunguka, akatokea yule bata wako mwenye viatu. Watoto wengine hawakushtuka. Mmoja alisogeza kiti chake, kama anayempisha mtu.

Nilitoka nje nikashika ukuta.

Fundi nilimzuia. Masomo nimeyanakili mara mbili. Mama yake Anitha alipokuja kumchukua, mtoto akamwambia, "Bibi kanifundisha."

"Bibi gani, mwalimu?"

Nikasema ni mimi, watoto wadogo huita watu wanavyopenda. Nimemdanganya mzazi, na mwanawe ananitazama.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Kompyuta hizi zitabaki za wadogo. Nakuahidi, atakayetaka kuzihamishia darasa la wakubwa atanikuta mlangoni. Nami nakuomba jambo moja. Ukiwa na neno lingine, niambie mimi, hata kama nitaogopa. Yule bado mtoto.

Wako,
Yusta