Kaa Upande wa Kulia

3 Machi

Kaka, shikamoo. Kazi inaendeleaje huko? Mama na mimi hatujambo, ila baba hali si nzuri.

Amechomelea geti la mteja, nusu ya kushoto ikabaki na mapengo. Nyumbani anakula nusu ya sahani, kisha anauliza, "Leo mmeninyima?" Daktari anasema macho ni mazima, ubongo ndio wa kupigwa picha.

Kabla ya kipimo muuguzi aliuliza, "Mzee, una chuma mwilini?" Baba akacheka: "Chuma nimekiacha karakanani." Unanijua, mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito. Lakini nilikumbuka mafundi wanavyotoana chembe za chuma machoni kwa sumaku ya spika, na mashine ile nayo ni sumaku, tena kubwa. Nikasema, "Jichoni." Wakampiga eksirei, wakakuta kipande. Mashine ingekivuta.

Wakatumia nyingine isiyo na sumaku. Kuna uvimbe kisogoni, upande wa kulia. Ndio unaomfutia kushoto. Unakua, na hawawezi kuutoa. Baba anataka akuone kabla haujavuka upande wa pili. Ukija, kaa kulia kwake.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Mimi mzima, ila habari hizi zimenikata maini. Umefanya vizuri kusema. Bosi amekataa kuniruhusu sasa. Mwisho wa mwezi ujao nakuja. Mwambie baba, fundi mkuu wetu, anisubiri.

Kaka yako

2 Mei

Shikamoo kaka. U mzima? Mwezi umekwisha, tulikungoja. Baba amesogeza kiti, ukuta uwe kushoto na mlango kulia. Mtu akiingia, baba anauliza, "Ndiye?" Mama anamjibu, "Ni jirani, baba watoto." Sasa nyuso hazitambui, anaona weupe tu. Vaa shati jeupe.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu, marahaba, sijambo. Nimeacha kazi. Nafika Jumamosi. Shati nimenunua, jeupe pe.

Kaka yako

15 Mei

Kaka, shikamoo. Mama anakusalimu. Barua yako nimemsomea baba. Aligeuza uso akidhani anaelekea mlangoni, akapapasa ukuta, akagundua amegeukia siko. Akasema, "Mwambie aanze kuongea akiwa bado nje."

Njoo. Vaa shati lolote.

Mdogo wako