Bibi, Nimemwona Mama Yako Kitabuni

Bibi yangu,

Shikamoo. Hapa Lulindi korosho zimeanza kuanguka, na Mama anaziokota peke yake maana mimi nashinda shuleni na watoto. Akichoka anakusema: "Mama naye kaniachia mikorosho, yeye kaenda kupumzika." Usimkasirikie. Ndivyo anavyokulilia.

Nakuandikia kwa sababu nina habari. Si yangu, Bibi. Ni yako.

Unamkumbuka Daudi wa Kitangari, yule uliyesema ana miguu kama ngazi lakini adabu anayo. Baada ya arobaini yako wazee wake walikuja kuposa. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye neno, hata hajakaa vizuri akauliza, "Ninyi ukoo gani?" Mama akatazama chini. Nikajibu mimi, kama ulivyokuwa ukijibu wewe siku zote: "Sisi ni wa kanisa." Mzee akatikisa kichwa. Akasema wao ni Mirasi, na Mmirasi haoi Mmirasi. Mtu asiyeujua ukoo wa mama yake huenda ni dada yao, wakaingia kwenye mwiko. Wakaaga kwa heshima, wakaondoka. Nililia, Bibi! Nililia mpaka Mama akaniambia nitapasuka kichwa.

Nawe ulituachia kidogo tu. Kwamba mama yako alinyakuliwa na wauza watumwa angali mtoto, wamisheni wakamkomboa, wakambatiza Agnes, akabeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa. Basi. "Aliyenyakuliwa njiani," ulikuwa ukisema, "ukoo wake kauacha njiani."

Nikaenda kwa mwalimu mzee anayetunza vitabu vya kanisa. Akanifungulia kile cha ubatizo, cha zamani za wamisheni wa kwanza, mchwa wameshakionja pembeni. Nikamtafuta Agnes. Toba! Walikuwa watatu, wote watoto waliokombolewa, wote wameandikiwa kazi ileile ya maji na matofali. Kila mmoja na jina alilokuja nalo, na ukoo wa mama yake. Wa kwanza Mirasi. Wa pili Lukasi. Wa tatu Mirasi tena.

Mwalimu akaniuliza mama yako aliitwa nani kabla ya ubatizo. Nikamtajia jina alilotoka nalo unyagoni, hilo ndilo tunalolijua wote. Halikuwemo. Lingekuwemo vipi? Alibatizwa kabla hajachezwa unyago. Na jina la utotoni kwetu linazikwa siku mwali anapotoka, kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumtukana. Nani angekutajia wewe, mwanawe?

Ila mtu mmoja ana ruhusa ya kututukana. Bi Somoe wa Nanganga, mtani wako. Mama yake na mama yako walibeba maji pamoja, wakafanyana watani, nanyi mkaurithi utani huo. Bibi, siku tunakuzika alikuja mbio, akajilaza kwenye mdomo wa kaburi. "Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe kuku! Mnamlilia nani? Huyu si binti wa Nambeya, Nambeya mvunja mitungi?" Watu wakaangua kicheko katikati ya kilio. Mimi nilinuna, nikaona hana haya. Sasa pale mbele ya kitabu sauti yake ikanirudia. Nikapeleka kidole kwa Agnes wa pili.

Nambeya. Lukasi. Kutoka upande wa Newala.

Nilikwenda Nanganga kumwuliza Bi Somoe kwa kinywa chake. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Wajinga ninyi! Miaka yote hii nawatukana, kumbe hamsikii?"

Wewe ni Mlukasi, Bibi. Ulikuwa Mlukasi siku zote na hukujua, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikuwahi kukwambia ukiwa hai. Lakini asante. Asante kwa kumpenda mtani wako, kwa kumpikia kila alipokuja na ulimi wake mchafu, mpaka akaona ana haki ya kulala kwenye kaburi lako. Ungemfukuza hata mara moja, leo nisingekuwa na la kuandika.

Wazee wa Daudi walirudi. Mjomba akauliza tena. Nikafumbua mdomo, lakini Mama akaniwahi. Alisimama, Bibi, Mama yule yule wa kutazama chini. Akasema, "Sisi ni Walukasi." Kisha akarudia, hakuna aliyemwomba arudie. Ndoa ni baada ya mavuno.

Mama akapeleka habari kwa Walukasi wa Newala, na Jumapili wamekuja wanawake wa huko, sijapata kuwaona maishani. Wamelifagia kaburi lako. Mmoja, mkubwa kuliko wewe, akapiga magoti akakuita "mdogo wangu". Akatuambia kwamba kwao kila wanapotambika, wakimwaga unga na kuwataja wafu wao, mwisho humtaja mtoto aliyepotea. Mama zao waliwaachia hivyo, na hawakuwahi kumruka.

Lala salama, Bibi. Nikijaliwa watoto nitawapandisha Newala wangali wadogo, wakajue mlango wa kwao. Nakuahidi.

Mjukuu wako,
Perpetua, Mlukasi