Kwa Mama Yetu Auleria, Mwenye Pete Iliyoozesha Mtaa

Mwaka umezunguka, Mama, tangu charahani yako ilipofunikwa kitambaa, na Baba akilala mchana bado huisikia ikienda. Huamka nusunusu, macho yameelekea barazani, akauliza, "Mama yenu anamshonea nani leo?" Kisha hukumbuka. Sie humletea chai, akainywa, na jua la alasiri huingia kwa mlango wa uani, likatambaa taratibu mpaka kwenye kiti chako. Ni saa ile uliyokuwa ukiipenda, saa ambayo kuku wenyewe hunyamaza.

Tunakuandikia hadharani kwa sababu hukuwa wetu peke yetu. Hapa Temeke kuna wanawake wengi waliokwenda kanisani wamevaa gauni ulilolishona, na wengine wengi zaidi waliokaa kwenye mkeka wako ukawasomea hadithi. Wakati wa vita, kitambaa kilipoadimika madukani, ulimshonea msichana mmoja gauni la harusi kwa chandarua kipya, na watu wakasema hawajapata kuona bibi harusi aliyependeza vile. Wewe ulisema tu kwamba angalau mbu hawakumsumbua.

Wasiokujua tuwaambie kidogo. Ulizaliwa Bukoba, na masista ndio waliokufundisha kusoma na kushona. Baba yetu Revelian, karani wa bandarini, alisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kukuoa, na alipofika Mwanza kusubiri meli alinunua pete nyembamba ya dhahabu kwa sonara wa Kihindi. Aliifunga kwenye ncha ya leso, na safari nzima ya ziwani hakufumba jicho asije akaibiwa. Ulipenda kutuhadithia kwamba kwa ajili hiyo bwana harusi alisinzia mbele ya Padri. Baba anakana mpaka leo.

Ulipendeza kuliko siku zote ulipokuwa na kitabu. Ulikiegemeza kwenye charahani, mguu unakanyaga, mkono unaongoza kitambaa, jicho moja kwenye mshono na jingine kwenye ukurasa, nasi hatujui hata gauni moja lililokwenda upande. Watu wa vitabuni uliwataja kama majirani. Siku moja Baba alirudi kazini akakukuta umevimba kwa hasira juu ya mfinyanzi fulani aliyemfukuza mkewe bila kosa. Baba akavaa tena viatu vyake. "Anakaa mtaa gani? Nikaseme naye kiume." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na hadithi ilipofika penye machungu ulikuwa ukifunga kitabu na kunyanyuka. "Waache walie kwanza," ulisema, "mie nikaangalie maharage."

Kitabu hukumwazima mtu. Tangu jirani mmoja alipokurudishia jalada tupu, kurasa zote zimekwisha kwa kufungia karanga, ukaweka sheria: anayetaka kusoma aje barazani, mkeka upo na maji ya kunywa yapo. Lakini pete! Pete yako ya ndoa ulimpa yeyote aliyeihitaji.

Msichana alipokuja kupimwa gauni, ulimpima mabega, ukampima kiuno, halafu ukazungusha uzi kidoleni mwake bila kumwuliza. Ulijua nani anayo pete na nani hana, na hukutaka mtoto wa watu aone haya kulisema. Ikimpwaya, uliizungushia uzi mweupe kwa ndani. Padri akaibariki upya. Yule Padri mzee aliibariki pete hiyo mara nyingi hata akawa anatabasamu akiiona sahanini. Sharti lako lilikuwa kwamba bibi harusi airudishe kwa mkono wake mwenyewe, asitume mtu, akae akusimulie yote: nani alilia, nani alicheza, wali ulitosha au haukutosha. Ulisikiliza umefumba macho, sindano imesimama hewani, kama mtu anayesomewa kitabu.

Baba alikuwa kinyume chako. Vitabu angevigawa vyote bila kuumia. Pete ikitoka, chakula hakikushuka. Alijisingizia kichwa, akakaa uani, akawa anakitazama kidole chako kitupu kila ulipopita na sinia. Hakukukataza hata siku moja. Ila kuna bibi harusi mmoja aliyehamia Morogoro na mumewe akaisahau pete kidoleni, na Baba, bila kuaga mtu, akapanda garimoshi. Alirudi na kapu la mchicha na nyanya, akasema amesikia mboga za Morogoro ni tamu. Pete ilikuwa chini ya mchicha. Ulimpikia mboga zake, hukumwuliza kitu, na jioni ile mkeka ulikunjwa mapema ukamsomea yeye peke yake.

Ulipougua, mikono yako ilivimba. Hospitalini muuguzi alikuvua pete kwa sabuni, akaiviringisha kwenye pamba, akampa Baba. Siku ya maziko ulivaa gauni jeupe na glavu nyeupe, na shoga yako Bi Hamisa wa nyumba ya pili hakubanduka ubavuni pako tangu asubuhi. Watu walipouliza pete iko wapi, Baba alisema, "Amekwenda nayo." Hakuna aliyemdadisi.

Haikuwa kweli, Mama. Pete ilikuwa katika kopo la majani ya chai, ndani ya sanduku lako la bati, pamoja na vitabu. Kila Jumapili baada ya chakula Baba alijifungia chumbani, akafungua sanduku, akakaa sakafuni katikati ya vitabu vyako. Binti yako Kokushubila alimwona mara moja kwenye upenyo wa pazia. Pete iko kiganjani, kitabu cha mfinyanzi kimefunguliwa magotini wala hakisomwi, naye ameuelekea ukuta anatabasamu, kama anasikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Nje mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyolowesha hata nguo kambani. Kokushubila alirudi nyuma kwa ncha za vidole. Tukakubaliana kwamba hatujui kitu.

Mwezi uliopita akaja Avelina, binti wa rafiki yako marehemu Adelina. Anaolewa na Albano, kijana wa Songea anayepakua mizigo bandarini, mpole kupita kimo chake. Alimkuta Baba barazani, na Bi Hamisa anapeta mchele pembeni, maana amekataa kuacha kuja kupetea mchele kwetu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwenu?"

"Njema." Alikuwa na uzi kidoleni, amejipima mwenyewe. "Baba, Albano kashanunua pete, nzuri tu. Sikuja kwa kukosa. Ila mama yangu aliolewa kwa pete ya Mama. Sina kitu chake kingine. Nilitaka siku ile nivae hiyohiyo aliyovaa yeye, halafu niirudishe."

Baba alitazama barabarani. "Mwenyewe kaenda nayo, mwanangu. Iko kaburini."

Avelina hakulia. Alisema, "Basi, Baba, nisamehe kwa kukutonesha," akaanza kuufungua uzi ule, fundo likakataa.

Bi Hamisa akaweka ungo chini.

"Baba Adelard," akasema, "glavu nilimvika mie."

Baba hakugeuka.

"Kidole kwa kidole nilimvika. Mwaka mzima nimefumba mdomo wangu huu, na wewe unajua ulivyo mgumu kufumbika. Nikasema mwacheni, ana lake moyoni, atachoka mwenyewe. Lakini huyu mtoto kakukosea nini? Usimrudishe na uongo, shemeji. Hapa mama yake alikuwa akiingia bila hodi."

Tulidhani Baba atawaka. Badala yake alikaa kwenye kiti chako, ambacho hakuwahi kukikalia tangu ulipotuacha, akasema polepole kwa sauti tuliyokuwa hatuijui.

"Nilimgawana na watu maisha yangu yote, Bi Hamisa. Gauni la huyu, hadithi ya yule, pete ya kila mtu. Sikulalamika, maana alikuwa anafurahi, na mie nilipenda kumwona akifurahi. Alipokufa nikasema, sasa hiki kimoja na kiwe changu."

"Ni chako, shemeji. Nani kasema si chako?"

"Ikitoka humu ndani, mie nabaki na nini?"

Bi Hamisa aliuokota ungo wake, akarudia kupeta. Avelina akaaga kwa heshima, akaondoka na uzi wake kidoleni.

Wiki ile, Mama, Baba alikwenda kazini, akarudi, akakaa. Tulimsikia usingizini akikuita kwa jina lako la nyumbani, lile ambalo sie watoto haturuhusiwi kulitamka. Hatukumsihi. Mwanao Adelard alitaka kusema naye kiutu uzima, tukamzuia, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayeweza kumwambia baba yake apende kwa kiasi gani.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Baba aliomba uzi mweupe. Alijaribu kuuzungushia pete mwenyewe, mikono ya karani isiyojua sindano, ikatoka nene upande mmoja. Bi Hamisa alinyoosha mkono airekebishe, akanyimwa. Kisha Baba akavaa kanzu yake ya sikukuu, akaenda kwa miguu mpaka kwa kina Avelina. Tulimtazama akiishia njiani, ngumi imefungwa, na tulimwonea huruma mpaka tukashindwa kukaa.

Kanisani alikaa nyuma kabisa. Padri alipoinua pete akafumba macho. Ametuambia kwamba aliona ziwa, na ukungu wa asubuhi juu yake, na wewe umesimama gatini Bukoba na sanduku lako la bati, msichana bado, unamwuliza kama huko Dar es Salaam watu husoma. Anasema alikujibu, lakini jibu lenyewe hatuambii.

Jumatatu Avelina alikuja na sahani ya pilau, mumewe nyuma yake ameinama asigonge mlango. Baba alikuwa amekaa na kopo la chai wazi mapajani, tayari kuifungia pete humo. Avelina akavua pete kidoleni, akaitia kiganjani mwa Baba. Baba akashtuka.

"Ina joto," akasema.

Tukatazamana.

"Ina joto, nyie. Mwaka mzima naitoa koponi baridi, naishika, nairudisha baridi. Nilikuwa nimesahau kwamba mkononi mwake ilikuwaga hivi."

Hakuitia koponi. Aliifumbata, akaishika hivyo kwa muda mrefu, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya wanawe na wageni, wala hakuyafuta. Pilau ikapoa, na hakuna aliyeigusa. Halafu akajikohoza, akamgeukia Bi Hamisa.

"Huko mtaani," akauliza, "nani mwingine anaolewa?"

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi, na baadaye kutakuwa na chai nyumbani. Wanaokukumbuka ni mumeo Revelian, wanao Adelard na Kokushubila, shoga yako Bi Hamisa, Avelina na Albano, na wote uliowavika na kuwasomea. Maadamu tuko hai, Mama, hutasahaulika.

Temeke, Dar es Salaam, Novemba 1955